Kibodi ya Sumaku: Itikise Kwanza, Bei Baadaye

Vijana wa hapa Mombasa wakinijia kuhusu kibodi za sumaku, swali huwa la milimita, yaani kitufe kishuke kiasi gani ndipo kibodi ikubali kimebonyezwa. "Hii inashika kwa 0.1, ile wanasema 0.05. Nichukue ipi?" Jibu langu haliwafurahishi: wachana na boksi, shika kitufe cha W kwa vidole viwili, ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, rudisha mali ya watu kwenye rafu, hata boksi liwe limeandikwa sufuri nukta ngapi.

Kwenye kibodi za kawaida, uimara wa umbo na wepesi wa kuitika ni habari mbili mbalimbali. Kibodi inaweza kuwa ya plastiki nyepesi, ina kelele, ukiishika inajikunja, na bado herufi zikafika kwenye kompyuta sawasawa. Kwenye kibodi ya sumaku huwezi kuvitenganisha hivyo viwili, na ukishajua inavyofanya kazi utaona ni kwa nini.

Ndani ya kila swichi, kwenye shina linaloshuka na kupanda, pamepachikwa sumaku ndogo. Chini yake, juu ya bodi ya saketi, kuna sensa inayosoma nguvu za ile sumaku. Ukibonyeza, sumaku inasogea karibu, nguvu zinaongezeka, na volteji inayotoka kwenye sensa inabadilika. Chipu ya kibodi inaigeuza ile volteji kuwa namba, na namba kuwa kina: kitufe kimeshuka milimita 0.8, sasa 1.3, sasa kinapanda. Hakuna chuma kinachogusa chuma. Kanuni yenyewe ni ya kale. Mmarekani Edwin Hall aliigundua mwaka 1879, na Honeywell walikuwa wakitengeneza swichi za kibodi za namna hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisi wa gemu ndio tumechelewa. Kibodi ya Apex Pro ya SteelSeries ilitoka 2019, kisha Wooting, kampuni ya Uholanzi, ikaja na ule utaratibu wa rapidi triga (rapid trigger), wa kitufe kuachia mara kinapoanza kupanda, ambao kwa kweli ndio unaowatoa watu pesa mfukoni.

Swichi ya kimekanika, yaani ile ya kawaida ya vyuma vinavyogusana, ina mahali pamoja tu pa kuamulia. Cherry MX Red, kwa mfano, inashika ikishafika milimita 2 katika safari ya milimita 4, na ili iachie sharti ipande tena mpaka karibu na pale pale. Ukiwa umeigandamiza hadi chini, kidole kina safari ya kufunga kabla kompyuta haijajua kwamba umeachia. Tena vile vyuma vyake vikikutana hurukaruka kabla ya kutulia, kwa hiyo chipu inalazimika kusubiri kidogo ndipo iamini. Rapidi triga haina mahali maalumu. Inaangalia mwelekeo tu: kitufe kikianza kupanda, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, popote kilipo, kimeachiwa. Kikianza kushuka, kimebonyezwa. Kwa mtu wa Counter-Strike 2, gemu ya kupigana kwa bunduki, hii si mapambo. Ukikimbia huku unapiga, risasi zinatawanyika, basi lazima usimame kwanza. Ukiwa unaenda kushoto kwa A, unajisimamisha kwa kuiachia na kugusa D, ya kulia: A ikiachia mapema na D ikashika mapema, unasimama mapema.

Kuna wanaonipinga hapa, na hoja yao si ya kupuuzwa: sisi wa pwani tunacheza na seva za mbali, ping zetu (milisekunde ambazo habari inatumia kwenda kwenye seva na kurudi) zinajulikana, kibodi itatusaidia nini? Ni kweli nyaya za intaneti za baharini zinatua hapa hapa kwetu, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM zote za 2009, na nyingine zimefuata, lakini waya kutua mlangoni hakuifanyi seva ya Ulaya ihamie Kisauni. Kwa hiyo namba ya 8000 Hz inayotangazwa kwa maandishi makubwa mimi siilipii hata shilingi. Kibodi inayoripoti mara 1000 kwa sekunde inapeleka habari kila milisekunde 1; ya 8000 inapeleka kila milisekunde 0.125. Ping yako ikiwa 150, hiyo tofauti utaionea wapi? Rapidi triga ni jambo jingine. Yenyewe inapunguza safari ya kidole, na mkono wako unaisikia bila kujali seva iko wapi. Hata kwenye uwanja wa mazoezi, peke yako, bila intaneti, unaisikia.

Sasa turudi kwenye ule mtikiso. Sensa haijui kama sumaku imeshuka au imeinama. Inachosoma ni nguvu tu. Shina likilegea ndani ya swichi, ukikisukuma kitufe ubavuni, sumaku inahama kidogo kutoka juu ya sensa na namba inabadilika ingawa kidole hakijashuka wala kupanda. Ukiwa umeseti rapidi triga iwe 0.1, chipu inasema: ameachia. Kumbe wewe umekazana kubonyeza. Mtu wako kwenye gemu anasita nusu hatua na hujui kwa nini, unailaumu intaneti. Dawa yake ni kupandisha namba iwe 0.3 au 0.4 mpaka ule uzushi ukome, na hapo uliyelipia 0.1 umebaki na 0.4. Mwenzako aliyenunua swichi zilizobana vizuri anatumia hiyo 0.1 kwa raha zake.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na linafanyika dukani. Kibodi nyingi za aina hii zina ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwenye kivinjari, na ndani yake kuna mstari unaoonyesha kina cha kitufe kwa wakati ule ule. Chomeka, fungua, bonyeza W mpaka katikati ya safari, ukishikilie hapo kwa utulivu, halafu kisukume kushoto, kulia, mbele, nyuma. Tazama namba. Kwenye kibodi nzuri inatetereka kwa kiasi kidogo mno. Kwenye mbovu inaruka kutoka 1.9 hadi 2.2 na kurudi, wewe hujashuka popote. Kisha ondoa mkono kabisa, uache vitufe vyote vimetulia, utazame tena. Namba isiyotulia kitufe kikiwa juu ni dalili mbaya, na ndiko kasoro zinakojificha: juu kule sumaku iko mbali na sensa, nguvu zinabadilika kidogo kwa kila milimita, kwa hiyo kelele ya umeme yoyote inaonekana kama mwendo. Watengenezaji wa bei rahisi wanaificha kwa kuweka ukanda mfu juu, yaani sehemu ya kwanza ya safari inapuuzwa. Ukiona kitufe kimeshuka kwa jicho na mstari bado uko sufuri, umeukuta.

Najua maduka yetu ya Digo Road na Moi Avenue yalivyo. Nimesimama kwenye kaunta moja na mazungumzo yakaenda hivi:

"Ami, naomba tuichomeke kidogo niitazame."

"Boksi likifunguliwa, mwanangu, mali imeshakuwa ya mkono wa pili."

"Basi nionyeshe ile ya maonyesho, hata kama ni ya rangi nyingine."

Akanitolea. Mara nyingi huwa ipo moja imewashwa taa kwa ajili ya kuvutia wateja, na muuzaji hana neno ukiigusa kwa adabu. Nenda na laptopu yako na bando lako, na kivinjari kiwe Chrome au Edge, kwa sababu Firefox haifungui kurasa hizi. Asiyekubali kabisa uiguse, mwachie na mali yake. Wanaouza kwa kutuma picha kwenye simu kutoka Nairobi nao waombe video ya huo mstari wa kina kitufe kikitikiswa. Anayejua anachouza atakutumia. Asiyejua atakutumia video ya taa.

Taa, kwa njia, sizizungumzii. Zinawaka.

Joto ni jambo ambalo watu wa bara wanaoandika kuhusu vifaa hivi hawalitaji, nasi tuna haki ya kulitaja. Sumaku za neodimiamu hupungukiwa na takriban asilimia 0.1 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, na hurudi zikipoa. Ni kidogo, lakini chukua chumba cha Tudor mwezi wa Machi, dirisha wazi, feni ya dari ikisukuma hewa ile ile ya moto, kisha jioni ukaipeleka kibodi kwenye ukumbi wa gemu wenye kiyoyozi kikali. Tofauti ya nyuzi 8 au 10 hiyo. Sensa yenyewe nayo huyumba na joto. Aliyeseti namba ndogo sana ataona kitufe kinashika chenyewe au hakifiki mwisho. Kibodi iliyofikiriwa vizuri inajirekebisha yenyewe kimya kimya kila unapobonyeza hadi chini na kuachia. Nyingine zina kalibresheni ya mkono, yaani kuifundisha kibodi upya mwanzo na mwisho wa kila kitufe: unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza kila kitufe mpaka mwisho, unahifadhi. Zisizo na lolote kati ya haya mawili ni za kuepuka kwa mji huu, hata ziwe na umbo zuri namna gani. Uliza hilo kabla ya kuuliza rangi. Na unapokalibrisha, fanya hivyo kompyuta ikiwa imewaka kwa muda, chumba kikiwa na hali unayochezea kila siku, usifanye asubuhi yenye baridi.

Upande wa chumvi, kibodi ya sumaku ina heri yake. Anayekaa karibu na bahari, Nyali au Mji wa Kale au Likoni, anajua hewa inavyokula vyuma. Swichi ya kimekanika ina vyuma viwili vyembamba vinavyogusana, na vikianza kupata kutu kitufe kimoja kinaandika herufi mara mbili au hakiandiki. Kwenye sumaku hakuna mguso huo, kwa hiyo ugonjwa huo haupo. Lakini usidhani kibodi nzima imepona. Kuna nyaya za chuma za stabilaiza chini ya vitufe virefu, za kuvizuia visiiname, kuna pleti, yaani bamba linaloshikilia swichi, kuna skrubu, kuna mdomo wa USB. Pleti ya alumini haiogopi chumvi kama ya chuma iliyopakwa rangi. Rangi ikichubuka tu pembeni, kutu imeingia. Ng'oa kitufe kimoja, tazama pleti kwa tochi ya simu. Ukiona ncha za matundu hazina rangi na chuma kinang'aa, hiyo haitamaliza misimu mingi ya kusi kwenye nyumba ya baharini.

Tukiwa bado kwenye umbo, kitufe cha nafasi kinahitaji jicho la pekee. Ni kirefu, kinashikiliwa na stabilaiza pande mbili, na sumaku yake iko katikati. Bonyeza ncha ya kushoto peke yake, halafu ya kulia. Kikizama upande mmoja na kuacha mwingine juu, sumaku inainama, na kina unachosoma si kina cha kweli. Hapo utaruka kwenye gemu bila kukusudia, au utabonyeza na usiruke. Stabilaiza zilizopakwa grisi kiwandani hazilii kacha-kacha, na hilo utalisikia kwa sikio hata katikati ya kelele za barabarani. Zisizopakwa, fundi yeyote mwenye sindano na grisi ya silikoni anaweza kuzitengeneza, lakini kuinama hakutibiki kwa grisi. Mimi hata kwenye kibodi nzuri nakiwekea kitufe hiki kina kirefu zaidi, milimita 1 na zaidi, kwa kuwa kidole gumba hupumzika juu yake.

Kuikunja kibodi kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwenye video, ni jaribio la nusu. Alumini nzito inapendeza na haitelezi mezani, sikatai. Ila uzito peke yake haukuambii kitu kuhusu kitufe. Nimeshika kibodi ya chuma tupu yenye uzito wa kutosha kufungia mlango na vitufe vyake vinacheza, na nimeshika ya plastiki isiyo na mbwembwe ambayo kila shina limebana barabara. Kinachofaa kuangaliwa kwenye ganda ni kama bodi ya ndani inazama ukigandamiza katikati kwa nguvu. Swichi na sensa zikisogea kwa pamoja si neno sana, lakini pleti ikiinama na kuiacha bodi nyuma, umbali kati ya sumaku na sensa umebadilika, nasi tumesharudi kule kule. Vifuniko vya vitufe vya plastiki ya PBT having'ai kwa jasho upesi kama vya plastiki ya ABS. Kwa jasho letu, chukua PBT.

Kuhusu kasi yenyewe, kuna ujanja mmoja wa kibiashara unaofaa kujulikana. Kuripoti mara 8000 ni habari ya mazungumzo kati ya kibodi na kompyuta. Kusoma vitufe ni habari nyingine. Chipu ya bei ya chini inaweza kuzizungukia sensa zote moja baada ya nyingine kwa mwendo wa pole, halafu ikaripoti namba ile ile ya zamani mara kadhaa. Boksi halitasema uongo, lakini wewe hujapata kitu. Kwa macho dukani huwezi kulipima hili. Tovuti kama RTINGS hupima ucheleweshaji kwa mitambo na kuandika matokeo kwa milisekunde, kwa hiyo tafuta jina la kibodi hapo kabla hujatoka nyumbani. Zaidi ya hapo, kompyuta ya zamani ikipewa 8000 inachoka: kichakataji kinapokea ripoti hizo zote huku gemu nayo inadai haki yake, na fremu zinashuka. Weka 1000 ulale.

Mipangilio lazima ihifadhiwe ndani ya kibodi yenyewe. Hili nalisema hasa kwa wanaocheza kwenye kumbi, leo mashine hii kesho ile, na mwenye ukumbi hakuruhusu kusakinisha programu yoyote. Seti nyumbani, chomoa, nenda nayo, chomeka, kila kitu kiwe pale pale. Stima ikikatika katikati ya mechi na kurudi, kibodi isiamke na mipangilio ya kiwandani. Jaribu hivi: badilisha kina cha kitufe kimoja, chomoa waya ghafla, chomeka kwenye kompyuta nyingine, tazama.

Utakutana pia na sifa ya kubonyeza A na D pamoja ambapo kibodi inaamua kukifuata cha mwisho. Kampuni ya Razer waliitoa mwaka 2024 kwa jina la Snap Tap, na wengine wakafuata kwa majina yao. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Valve, wenye gemu ya Counter-Strike, walianza kuwatoa kwenye mechi za seva zao rasmi za Counter-Strike 2 wanaoitumia. Kwa hiyo usiongezwe bei kwa ajili yake, na kama ipo, hakikisha ina kitufe cha kuizima.

Yakhe, kama gemu yako ni ya kandanda, unacheza kwa pedi na marafiki Ijumaa usiku, hii makala haikuhusu. Na kama kazi yako ni kuchapa barua, kina kifupi kitakuudhi tu. Utaegemeza kidole na herufi zitamwagika.

Aliyeamua kununua, hasa anayeagiza kutoka nje na kulipia VAT ya asilimia 16 na tozo zake, aagize na swichi chache za akiba za aina ile ile kabisa katika mzigo mmoja. Swichi za sumaku hazina miguu ya kuchomelea, zinang'oka na kurudi kwa mkono, jambo ambalo linawadanganya watu kwamba yoyote itaingia. Zinatofautiana kimo, nguvu za sumaku, hata upande upi wa sumaku unaotazama chini. Ukiweka isiyolingana inakaa vizuri mahali pake na kibodi haisomi kitu, au inasoma kinyume. Na kila unapobadilisha hata moja, kalibrisha upya kabla hujaingia kwenye mechi. Waya nao uwe wa kuchomoka, wa USB-C, kwa sababu mdomo ukilegea fundi wetu wa mtaani anaweza kuuchomelea mwingine, lakini sensa ikifa chini ya kitufe kimoja, hana pa kuipata.